Fanta Moja ya Buyenzi

Watu wa kanisani walimwambia Delfina neno lile lile: "Wewe unarudi nyumbani, una wasiwasi gani?" Naye alicheka tu. Nyumbani gani? Alizaliwa kambini Tanzania, akaolewa kambini, kisha ndege ikamleta Louisville, Marekani, yeye na mumewe Silvano. Burundi aliijua kwa masimulizi ya mama yake. Wenzake wote walikwisha kuitwa Mama fulani. Yeye, miaka nenda rudi, alibaki Delfina. Sasa, mwaka 2014, alikuwa anakwenda Bujumbura kuasili mtoto. Alikwenda peke yake, maana Silvano alinyimwa ruhusa kwenye ghala la Jeffersontown alikofanya kazi.

Shirika lililowasimamia liliwapa darasa la mila za ugenini. Mwalimu alipomwona Delfina katikati ya Wamarekani, akamwambia kwamba yeye anaweza kwenda zake. Delfina akakaa. Akayameza yote: beba maji yako, beba dawa ya mikono, usinywe kwenye chupa ya mtu. Alikuwa mwanafunzi hodari, na uhodari huo ndio uliotaka kumponza.

Alipokwenda Gahanna, kule Columbus, kumuaga shangazi yake Kostansia, mama huyo alijipiga paja.

"Maji yako! Mwanangu, unataka wakuone umewadhania wachawi? Kwetu anayekukaribisha huonja kwanza, ujue hamna sumu. Akishaonja akakupa, pokea kwa mikono miwili, unywe. Ukikataa, umemwambia humwamini."

"Nimesikia, shangazi."

Alisikia, ndiyo. Lakini kusikia ni kimoja, na kukumbuka ni kingine.

Kituo cha watoto kilikuwa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Rakeli, mlezi mkuu, alimleta msichana wa miaka sita aitwaye Spés, akampa chupa ya Fanta. Mtoto akanywa funda moja, akafuta mdomo wa chupa kwa pindo la gauni, akamnyoshea Delfina kwa mikono miwili, macho chini.

"Hapana, mpenzi, kunywa tu. Ni yako yote," alisema Delfina, kwa sauti tamu kabisa, akatoa mkobani chupa yake ya maji.

Huko Louisville huo ungekuwa upendo. Spés aliiweka Fanta sakafuni na hakuigusa tena. Delfina alipomshika bega, akajitoa.

"Keshokutwa hakimu ataniuliza kama mtoto amekubali," Rakeli alisema polepole. "Mimi simlazimishi mtoto, dada. Na uongo sisemi."

Ndani ya teksi Delfina alifungua mkoba kutafuta kitambaa cha kufuta machozi, mkono ukakuta ile chupa ya maji. Hapo ndipo maneno ya shangazi yalipomrudia, yote, na lile paja lililopigwa. "Ewe Delfina, mjinga wewe!" alisema kwa sauti, hata dereva akageuka. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu: mtoto alimpa alichokuwa nacho, naye akakikataa.

Asubuhi alirudi bila mkoba. Alinunua Fanta kwenye kibanda cha getini, akaketi mkekani karibu na Spés, akanywa funda moja, akafuta mdomo wa chupa kwa kitenge chake, kisha akamnyoshea kwa mikono miwili.

Spés aliitazama chupa.

"Jana uliniogopa?" aliuliza.

"Niliogopa, mwanangu. Nilifundishwa vibaya. Leo siogopi."

Mtoto akanywa, akamrudishia. Fanta ilikuwa ya moto kama chai. Wakapokezana hadi ikaisha, na Rakeli, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaenda zake jikoni.

Hakimu alipouliza, Rakeli alikuwa na jibu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Louisville, Silvano alikuwa amevaa tai ya harusi yao, na mkononi ana pakiti ya juisi. Spés alijificha nyuma ya kitenge cha Delfina. Silvano akachuchumaa, akampa juisi. Mtoto akachoma mrija, akanywa kidogo, kisha akamnyoshea kwa mikono miwili.

Silvano alifungua mdomo. Delfina alijua neno litakalotoka ni lile lile lililotaka kumponza yeye: ni yako yote. Akamuwahi.

"Pokea," alimwambia. "Pokea, Baba Spés."