Lete la Zamani, Chukua Jipya

Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka, kama si mimi niliyekuwa nyuma ya lile dirisha.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, ukipata kipande cha sabuni unakificha hata jirani asikione. Kwetu ni Bujumbura. Nilikuwa nasoma chuo kimoja hapa Bunda, na kwa kuwa mgeni hana shangazi wa kumkimbilia, mkuu wa chuo alinipa kazi ya bohari baada ya vipindi, kugawa sabuni na mashuka dirishani. Kazi hiyo ndiyo ilinipa chakula na kitanda. Sheria ya mashuka ilikuwa moja: lete la zamani, chukua jipya. Likipungua moja, nafunga virago.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, jua linawaka, mkono ukapita dirishani ukaweka gunia tupu la kubebea pamba. Nikainua macho. Mama mtu mzima, simjui, bega tupu.

"Nimeleta la zamani," akasema. "Nipe jipya, mwanangu. Hili linaniwashaga."

Gunia lilikuwa na udongo mbichi. Niamini, nilisikia baridi mchana ule ule. Lakini niliogopa zaidi kufukuzwa. Nikamwambia mashuka ni ya wanafunzi tu, aende. Hakubisha.

"Haya. Nitalala hivi hivi."

Nikachungulia nje. Uwanja wote mtupu. Mtu wa umri ule angekuwa amefika wapi?

Jioni akaja Mafuru, mpishi wetu, kuchukua sabuni ya jikoni. Jana yake alikuwa ametoka kwao Kisorya kumzika mama yake. Alipoliona lile gunia alikaa sakafuni. Alilijua kwa uzi wa nyavu alioshonea kwa mikono yake. Maduka yote hayakuwa na shuka la kuzikia, akanieleza huku analia. Wanalima pamba mpaka mlangoni, na mama yao wamemzika kwa gunia.

Nikamweleza nani alilileta na aliomba nini, nikampa shuka jipya. Kazi sikuifikiria tena. Alfajiri akarudi kwao, na wazee wakakubali kaburi lifunguliwe. Siku aliporudi chuoni hakutaka kuniangalia usoni.

"Tumemkuta hana kitu," akasema. "Amejifunika kwa mikono."

Unaelewa nilichofanya? La zamani nililipokea, jipya nikamnyima. Yule mama alirudi kulala uchi kwa sababu yangu.

Kazi ilinitoka, na masomo sikuyamaliza. Hayo nimeyasahau. Nilioa hapa hapa, nina wajukuu, lakini mpaka leo nikijifunika shuka nasikia aibu, nalikunja naliweka pembeni hata wakati wa baridi. Mke wangu ameshazoea.

Wewe unayekaa dirishani kuhudumia watu, nisikilize. Mtu akija na shida yake, mtazame kabla hujamsomea sheria. Na kama umeamua kumnyima, basi mrudishie alichokuja nacho.