Nafasi Katika Wimbo wa Baba

Harufu ya makuti mabichi bado hunichosha. Nikiinusa tu narudi uani kwetu Zinga, vita vikiwa vimekwisha na baba karudi kutoka kambi ya mateka huko jangwani. Alikuwa mgeni kwangu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kama nilivyomwamkia mwenye duka.

Mchana kutwa alishona makuti, na kila akishona aliimba wimbo mmoja. Wimbo wenyewe ulikuwa mbovu, Mungu anisamehe. Aliimba mstari, akanyamaza vipindi vitatu mikono ikiwa imetulia, kisha akaanza upya. Nilidhani kasahau maneno. Basi siku moja, kwa hamu ya kupendwa, nikaijaza nafasi ya kwanza kwa sauti yangu yote.

Baba aliweka kuti chini, akaingia ndani. Hakuimba tena mpaka Ramadhani ikapita, na mama akachoka kuniuliza nimemfanya nini. Niliona nimempoteza mara ya pili.

Ndipo akaja Bwana Kibwana kutoka Saadani, mtu mkondefu aliyefungwa naye kambini. Walikunywa kahawa, kisha baba akashika kuti, akaanza kuimba. Pale nilipojipachika mimi, mgeni akaitikia. Nafasi mbili zilizofuata, wote wawili waliinamisha vichwa.

Bwana Kibwana alitueleza, taratibu, kwamba kule walivunja mawe kutwa, wanne wa pwani, kila mmoja na mstari wake. Njaa ilipowalegeza waliimba ili wajue nani bado yu hai. Wawili walikufa, na mistari yao haikuguswa na mtu.

Nililia kwa aibu. Baba akaniita kwa jina, mara ya kwanza tangu arudi.

"Mwanaidi, mwanangu, zile nafasi zina wenyewe. Wewe kaa mwisho. Wewe ni wa tano."

Nilifurahi kupewa mstari wangu. Sikujua kwamba nimepewa na kungoja. Bwana Kibwana alitangulia, na baba akamfuata miaka mingi baadaye. Siku hizi nikishona makuti wajukuu hunicheka, wanasema bibi huanza wimbo kwa kunyamaza. Waache wacheke. Nanyamaza mara nne, kila mtu na zamu yake, kisha naimba mstari wangu.