Shemeji Alirudi Kazini Kisiwa Kilipofunguliwa

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Unguja, naishi Springfield, Virginia. Wanaonijua wananiita mbishi, na ni kweli: nimesoma sana na sinyamazi. Lakini safari hii nimechoka.

Korona ilipoingia nilipigana na ukoo mzima kwenye grupu letu la WhatsApp. "Fungeni kisiwa! Hospitali mnazo ngapi? Mgeni mmoja akikohoa mmekwisha!" Mdogo wangu wa kike, ambaye mumewe alikuwa mpishi wa hoteli ya ufukweni, akanijibu kwa ujumbe wa sauti, wote wakasikia: "Kaka, sisi tumeshafunga. Tangu ndege zisimame tunafunga bila daku wala futari. Wewe funga huko, mshahara unakufuata kitandani." Ukoo ukacheka. Nami nikacheka, kwa hasira.

Wageni waliporuhusiwa kurudi, shemeji alisita, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana. Dada akamwambia, "Nenda, wenzako wameshaitwa, nafasi itachukuliwa." Haya dada alinieleza mwenyewe kwa simu, akilia, kwa sababu shemeji hakuumaliza msimu ule. Msibani walisema ni shida ya kupumua, basi, wote wakaitikia hivyohivyo, korona hakuna aliyeitaja.

Sasa Waswahili wa huku tuna mkutano Silver Spring kuhusu visiwa vidogo na magonjwa ya mlipuko. Nimepangwa kubishana na mchumi anayesema visiwa vilivyowahi kufungua milango vilijimudu, utalii ukapona. Utalii ulipona! Shemeji je? Nikaandika hotuba, nikamweka shemeji ndani, kisha nikampigia dada kumwomba ruhusa.

Akanijibu: "Sema hoteli, sema wakubwa, sema dunia nzima. Ukimtaja mume wangu, wanangu watauliza nani alimtuma."

"Njaa ndiyo iliyomtuma, dada."

"Njaa haikumpigia pasi shati la kazi, kaka. Nilimpigia mie."

Nimeshinda mabishano mengi maishani. Baada ya hilo nilimuaga dada, nikakifuta kipande cha shemeji kwenye hotuba, kisha nikakirudisha.

Nikimwondoa shemeji, hotuba inabaki maneno makavu, mchumi atapigiwa makofi, na gonjwa lijalo watafanya yaleyale. Nikimtaja, nampoteza dada, ndugu pekee wa tumbo moja niliyebaki naye. Mimi niliyepiga kelele wafunge, leo anayeombwa kufunga ni mimi.

Mkutano ni Jumamosi. Mliowahi kubebeshwa siri ya ndugu, niambieni bila kunionea haya: nimtaje, au nifunge mdomo?