Chemchemi Iliyo Magharibi ya Mkwaju

Mama mdogo, msukaji wetu wa vikapu, ana vidole vya manjano kwa rangi ya mizizi. Huchana majani ya mkadi kwa ukucha huku akitusimulia ardhi yetu sisi Wayolngu, wenyeji wa asili wa pwani hii, chemchemi moja baada ya nyingine. Mkono ukisimama, na hadithi husimama.

Jana, siku niliyorudi kutoka jiji la Darwin baada ya miaka tisa, aliwaambia wanawake wote bila kupepesa macho, "Chemchemi ya bibi zetu iko mashariki ya mkwaju."

"Magharibi, Mama!" nikaropoka.

Mkono ukasimama. Akanikazia macho, kisha akacheka mpaka kikapu kikamdondoka, akawageukia wenzake.

"Mmesikia? Haya, leteni yule kaa tuliyewekeana dau! Niliwaambia huyu hajasahau kwao, mkanibishia!"