Noti Zilizopigwa Pasi

Baba yangu ni seremala, na seremala akiona kitu kimepinda hapati usingizi. Nalisema hili mapema ili usije ukamhukumu vibaya. Alichokifanya siku ile alikifanya kwa mapenzi matupu, na ni mapenzi hayohayo yaliyokuwa yamemkaba Shangazi koo miaka yote.

Shangazi ni mdogo wake Baba, tumbo moja. Macho yake yaliondoka na surua akiwa bado anajifunza kutembea. Anatengeneza brashi za kusugulia sakafu na mazulia ya mlangoni, yote ya katani, na mtaa mzima unamwita Bi Brashi. Usimwonee huruma. Ukimwonea huruma atakuuzia zulia kwa bei ya juu, nawe utalipa huku unashukuru. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Alikuwa akifanyia kazi barazani kwetu, ubavuni mwa cherehani yangu, kwa hiyo nilijua mengi ambayo asingependa niyajue. Kila jioni alimkabidhi Baba mauzo ya siku. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu wazazi wao walipofariki: Baba anaweka, Shangazi akiwa na shida anaomba. Haki lazima isemwe, Baba hakumnyima sabuni wala nguo wala dawa. Lakini kila Shangazi alipouliza ana kiasi gani, jibu lilikuwa neno moja.

"Zipo."

Zipo ngapi? Zipo tu. Zipo wapi? Zipo, mdogo wangu, una wasiwasi gani? Baba alilitamka neno hilo kwa upole, kama anamfunika mtoto shuka, na mimi lilinipandisha hasira hata kabla sijajua kwa nini.

Siku moja bei ya katani ikashuka. Shangazi akataka kununua mzigo mzima, auweke, afanye kazi kwa raha. Akamwomba Baba pesa. Baba akamwambia avute subira kidogo, maana alikuwa amezinunulia mbao za kazi ya mteja, na mteja angelipa wakati wowote. Mteja hakulipa, bei ikapanda, na Shangazi akakaa barazani mikono mapajani. Mikono ile ikikaa bure, nyumba nzima hukosa amani. Hakugomba wala hakununa. Kesho yake alishika fimbo yake akaenda benki, na kijana wa dirishani akamwambia arudi na msimamizi. Alirudi nyumbani akicheka kicheko ambacho sikukipenda. Alisema wasimamizi anao, anachokosa ni pesa.

Aliyemtoa kwenye mkwamo ule ni Fundi Viatu wa pale kona, mtu wa magongo mawili na maneno mengi. Fundi Viatu na wenzake walikuwa na kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wengi wao ni watu ambao duniani huzungumziwa wakiwa wamekaa hapohapo: mwingine haoni, mwingine hasikii, mwingine hatembei. Walikutana kila Jumatano nyuma ya kibanda cha viatu, wakazunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa watu watatu, ili asiwepo mkubwa wa sanduku. Pesa ikiingia inatajwa kwa sauti na kuonyeshwa kwa vidole, aliyekosa masikio aone na aliyekosa macho asikie. Shangazi alisema tangu azaliwe hakuwahi kusikia pesa yake ikitajwa hadharani.

Huko ndiko alikofundishwa kukunja. Noti zetu hazilingani urefu, kwa hiyo mtu huipima kwa kidole mara moja anapoipokea, kisha anaikunja kwa namna yake ili asiipime tena. Ndogo inaachwa imenyooka. Ya kati inakunjwa mara moja kwa upana. Kubwa inakunjwa kwa urefu, kisha kwa upana, ikawa kijipande kigumu kinachojulikana hata ndani ya mfuko wenye vifungo na kamba. Kila mtu akunje yake mwenyewe, hilo walisisitiza. Basi Shangazi akawa anakunja, anaweka akiba Jumatano kwa Jumatano, na mauzo ya jioni hayakumfikia Baba tena.

Baba aliumia. Aliniuliza kama yeye ni mwizi. Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo. Akauliza tena, sasa akiuangalia ukuta, kama kuna siku alimnyima mtu kitu katika nyumba ile. Kwa muda mrefu wakawa wanasalimiana kwa adabu tupu, na adabu ikizidi kati ya ndugu ujue nyumba imepoa. Shangazi naye hakumweleza Baba lolote kuhusu kikundi wala kuhusu kukunja. Ana kiburi Shangazi, usidanganyike na upole wake.

Ndipo chumba cha mbele kikapatikana. Kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mlango unatazama barabara, sakafu ya saruji, dirisha pana la kutundikia brashi. Shangazi alikuwa akikiota chumba kile toka kilipokuwa stoo ya magunia. Barazani kwetu wateja walimkuta wakiwa wamemfuata Baba, na hata bei za brashi walimuuliza Baba. Mle ndani wangemkuta yeye. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene wa sauti nyembamba, alitaka kodi ya miezi mitatu mkononi, siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri. Ikipita hapo, kuna fundi simu aliyekuwa akimpigia kila siku.

Jumatano kikundi kilifungua sanduku, Shangazi akatoa akiba yake, ikatajwa, ikahesabiwa, ikatimia. Alirudi nayo katika kopo la maziwa, pamoja na pesa kidogo ya katani, kubwa na za kati amezikunja kwa mkono wake, ndogo ameziacha zimenyooka. Akaliweka kopo juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akaenda kuoga.

Mimi nilikuwa nje nampima mteja. Baba akapita. Akaliona kopo, akachungulia, akaona pesa ya mdogo wake imejikunjakunja vibaya. Akawaza yule mama mwenye nyumba na dharau zake. Na pasi yangu ya mkaa ilikuwa palepale, bado ya moto. Baba akazinyoosha noti zote, moja baada ya nyingine, juu ya kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Akazipanga vizuri, kubwa juu, ndogo chini, kama watu wenye heshima wanavyopanga. Akazirudisha ndani ya kopo na kulifunika. Hakusema neno. Alitaka iwe zawadi ya kupatana.

Alfajiri muuza katani akagonga na mkokoteni wake. Wingu lilikuwa limefunga, na katani ikilowa haiuziki, kwa hiyo alikuwa na haraka ya kwenda kuifunika mizigo yake sokoni. Shangazi akaingiza mkono ndani ya kopo na kugusa zilizonyooka. Zilizonyooka kwake ni ndogo, hilo halina mjadala. Akamhesabia. Muuza katani akazisokomeza mfukoni gizani bila kuangalia, akaondoka.

Kulipokucha, Shangazi akakaa kitako kuhesabu kodi. Niliona mkono wake ukisimama ndani ya kopo. Ukatafuta, ukatafuta tena. Hakuna hata noti moja iliyokunjwa. Akazitoa zote, akazipima kwa kidole moja moja. Kodi haikutimia tena. Noti kubwa alizokuwa amezitoa akizidhani ndogo zilikuwa zinakwenda sokoni juu ya mkokoteni.

Akauliza kwa sauti ya kawaida nani amegusa kopo lake. Baba akatokea chumbani akitabasamu, masikini, akasema ni yeye, amezipiga pasi ili mama mwenye nyumba asimdharau. Tabasamu lilimtoka taratibu kadiri Shangazi alivyomweleza kila mkunjo ulikuwa na maana gani. Sijawahi kumwona Baba akitafuta pa kukaa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Baba akasema yaishe, atajazia yeye. Atakwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, wazungumze kikubwa, chumba kiandikwe kwa jina lake yeye Baba, na Shangazi asihangaike. Nilitamani kumziba mdomo.

"Kaka," Shangazi akasema, "pesa yangu yote uliyoniwekea toka mama afariki, ilikuwa ngapi?"

Baba alifungua mdomo. Nililisubiri lile neno.

"Sijui," akasema. "Ilikuwa ikiingia na kutoka. Mbao. Paa. Cherehani ya huyu."

Cherehani ya huyu ndiyo yangu mimi. Miaka yote nilijua ni zawadi ya Baba. Nilikaa nikaiangalia, na kwa kweli machozi yalinitoka, ingawa hakuna aliyeniangalia. Shangazi akasema afadhali, leo amejibiwa. Akasema pia kosa ni la wawili: Baba hakuuliza, na yeye hakusema. Akaokota fimbo, akanishika bega, akaniambia twende sokoni.

Muuza katani tulimkuta chini ya turubai, amekwisha kuuza na kununua asubuhi nzima. Si mtu mbaya, lakini ni mtu wa biashara. Alisema hakatai, pengine kweli, ila watu wengi wameshamlipa asubuhi ile, na pesa haina alama. Atajuaje ya nani ni ipi? Wenzake wakaanza kusogea. Mimi nilikuwa tayari kugombana, nimekwisha kukunja mikono ya gauni.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya mzigo wa katani, akifikiri. Akamwomba jambo moja: azitoe noti zake zote na kumwekea mapajani, hapo hapo mbele ya watu, waone kama yeye ataziokota zilizo zake. Yule bwana akasita. Hakuna mfanyabiashara anayependa kumwaga mfuko wake sokoni. Lakini watu walikuwa wanatazama, na nadhani naye alishikwa na hamu ya kuona. Akazimwaga.

Zilikuwa kama pesa zote za sokoni, zimechoka, zimelegea, zina jasho na vumbi la katani. Vidole vya Shangazi vilipita juu yake haraka. Akachomoa moja, akaiweka pembeni. Imenyooka, kavu, ngumu kuliko kola ya shati jipya. Akachomoa nyingine. Mtu akacheka, kisha akasogea karibu. Zote alizozichomoa zilikuwa zimepigwa pasi, na zote zilikuwa kubwa. Muuza katani akaishika moja, akainusa, akasema kweli inanuka mkaa, akauliza ni mwendawazimu gani anapiga pasi pesa.

"Ni kaka yangu," Shangazi akasema. "Ananipenda sana."

Soko lilicheka, na Shangazi akacheka kuliko wote. Moja ilikuwa imekwisha kwenda kwa mpagazi wa mizigo, muuza katani akaifidia kwa yake iliyochakaa, naye akapokea noti ndogo alizostahili. Tukaondoka karibu kukimbia.

Mwenye nyumba alikuwa kizingitini, simu sikioni. Akanitazama mimi, akaniuliza kama kweli huyu mama ataweza kulipa kila mwezi.

"Niulize mimi," Shangazi akasema. "Niko hapa."

Akashika kiganja cha yule mama, akakifungua, akaanza kumhesabia ndani yake, kila noti akiitaja kwa sauti kama wanavyofanya Jumatano. Yule mama alijikuta anaitikia. Zilipokwisha, mama akauliza mkataba uandikwe kwa jina la nani. Shangazi akataja jina lake lote, jina la baba na la babu, jina ambalo nyumbani hatujawahi kulitumia. Akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibandika. Mlango ulipofunguliwa aliingia peke yake, akaupapasa ukuta wote kwa mkono mpaka akarudi alipoanzia. Mimi nilibaki nje. Niliona si pangu pa kuingia bado.

Hiyo ni habari ya mwaka juzi. Sasa chumba kile kimejaa brashi toka sakafuni mpaka darini, na Shangazi ameajiri mwanamke mmoja wa kusokota kamba, ambaye anamlipa Jumamosi na kumtaka ahesabu mbele yake kabla hajatoka.

Baba alichukua muda kwenda. Alimtengenezea meza ya kazi akamtuma mtu aipeleke. Halafu akamtengenezea rafu. Halafu siku moja alilipwa kazi kubwa, milango ya nyumba nzima, na badala ya kuja nyumbani akanyoosha moja kwa moja kwa mdogo wake. Nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka mapazia. Alisimama mlangoni na bahasha, akasafisha koo.

"Mdogo wangu, mimi pesa hazikai mkononi, unanijua. Niwekee hizi. Nikiwa na shida nitakuja kuomba."

Shangazi aliacha kusuka. Alinyoosha mkono, Baba akampa bahasha, naye akaipima uzito na kuitikisa kidogo. Nilijua kama anataka kulipiza, siku yenyewe ndiyo hiyo. Neno moja tu lingetosha, na Baba angelipokea bila kulalamika.

Akamrudishia.

"Kaka, mimi sikai na pesa ya mtu mzima," akasema. "Vuta kiti, nikufundishe kukunja."

Baba akavuta kiti.