Baiskeli ya Kukunja kwenye Njia ya Katumba Songwe

Baiskeli ile sikuwahi kuipenda. Niliinunua Dar es Salaam kwenye rundo la vitu vya mtumba kwa sababu moja tu: ilikunjika katikati. Mimi ni mtu wa kuhama, na kitu kisichoingia chini ya kitanda cha chumba cha kupanga huwa sikiiti changu. Magurudumu yake yalikuwa madogo, ya kumfaa mtoto anayeanza shule. Mtu mzima akiipanda, anaonekana kama amekalia kigoda kinachokimbia.

Ndiyo niliyorudi nayo Kyela, nchi ya baiskeli. Nasema hivyo kwa mazoea. Nilipokuwa mdogo kila kitu kilikwenda kwa baiskeli kubwa nyeusi: mpunga, wagonjwa, maharusi, hata majeneza. Akina mama waliendesha wakiwa na mtoto mgongoni na mkungu wa ndizi kwenye keria, na breki hawakuzihitaji, maana ardhi yetu ni tambarare mpaka ziwani. Abiria wa meli walipelekwa bandarini Itungi kwa baiskeli na mizigo yao yote. Siku hizi ni pikipiki. Vijana wanazikalia kutwa nzima kama kuku kwenye chanja, wakingoja kumpeleka mtu mahali ambapo bibi zao walifika kwa pedeli na kurudi wakipiga soga. Nikiwasikia wanavyojisifu kwamba wana haraka, huwa najiuliza ni ya kwenda wapi.

Dada yangu alikuwa mmoja wa akina mama wale. Sasa ni mjane, anakaa Ikolo, na goti lake la kulia limevimba kiasi kwamba hawezi tena kusukuma pedeli. Shamba lake la mpunga liko Katumba Songwe, si mwendo wa mtu wa fimbo. Pikipiki hapandi. Kijana mmoja aliwahi kuanguka naye mtaroni, kisha akamlaumu kwa kukaa vibaya.

Kwa hiyo tangu mavuno alikuwa hajalikanyaga shamba lake, na mdogo wa marehemu mumewe alilijua hilo vizuri. Huyo ni mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini. Alikuja, akala mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, akasifu zilivyoiva, ndipo akasema, "Shemeji, wewe pumzika tu. Lile shamba nimelipatia mtu wa kulitunza."

Mtu wa kulitunza alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kupanda kokoa. Dada hakuhitaji kuelezwa zaidi. Anayekodi shamba la mpunga huvuna akaondoka. Anayepanda kokoa haondoki. Miche ikishashika, mwenye miche ndiye mwenye shamba, na ukimwambia atoke atakuuliza nani atamlipa miti yake.

"Nikiweza kufika kule kila siku, hana la kusema," dada aliniambia mgeni alipoondoka. "Anachosema ni kwamba sifiki. Na kweli sifiki."

Nilimwambia nitamwazima baiskeli yangu na nitaifunga mota. Ile ndogo ilimfaa, maana fremu yake iko chini. Alikuwa anaivuka bila kuinua goti, na akikaa, miguu yote miwili inagusa ardhi. Mota niliiagiza kwa simu, ikaja na basi: gurudumu la mbele lenye mota katikati, betri ya uzito wa tofali, kisanduku cha kuongozea umeme, chaja, na nyaya nyingi. Kwenye simu nilikuwa nimetazama video ya kijana mwenye mikono misafi akifunga mota ya namna ile huku anatabasamu, na kabla kahawa yake haijapoa alikuwa ameshamaliza. Simwamini mtu anayefanya kazi ya baiskeli asichafuke.

Mimi nilichafuka siku tatu. Ekseli ya mota ilikuwa nene kuliko nafasi yake kwenye foku, nikaichonga foku kwa tupa. Breki ya mbele ikawa haifiki kwenye ringi mpya. Nyaya zilikuwa ndefu mara mbili ya baiskeli yenyewe, nikazizungushia fremu mpaka ikafanana na mguu uliofungwa bendeji. Mwishowe niliipeleka kwa fundi wa baiskeli pale njia panda, aitie keria ya kubebea betri na kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isijizungushe.

Fundi yule ana kipaji cha kuchomelea na kipaji kikubwa zaidi cha kuongea. Aliizunguka baiskeli, akaita wenzake.

"Njooni mwone. Mwenzetu ametoka Dar na hii."

"Kaka," mmoja akaniuliza, "ukiimwagilia maji itakua?"

"Itakua," akasema mwingine. "Si unaona mizizi imeshatoka?" Akagusa nyaya.

Nikawaacha wacheke. Watu ambao baiskeli zao zinaota kutu nyuma ya jiko hawana cha kunifundisha. Nilimweleza fundi ninachotaka, nikamwachia.

Kesho yake nilikuta keria nzuri, imara ya kubeba gunia, na kile kipande cha chuma kimekaa sawasawa. Nilikuta pia kiungo cha katikati, pale baiskeli inapokunjikia, kimechomelewa pande zote. Mchirizi wa chuma ulikuwa mnene kama kamba.

"Fundi, hapa umefanya nini?"

"Palikuwa na ufa."

"Huo si ufa. Hapo ndipo inapokunjika."

"Unaikunja ya nini? Imechoka?" Wenzake wakaangua kicheko. Alipoona mimi sicheki akapunguza sauti. "Mkuu, usinikasirikie bure. Dada yako alijikongoja mpaka hapa jana jioni, kwa fimbo. Yeye ndiye aliyesema pafungwe. Mimi nilidhani mmeelewana."

Nilimkuta dada anapepeta mchele. Hakuacha.

"Dada, ulimwambia fundi achomelee ile baiskeli?"

"Nilimwambia."

"Sasa haikunjiki tena. Haiingii kwenye basi."

"Najua. Wewe hujawahi kukaa hapa misimu miwili mfululizo. Utaamka siku moja useme Tunduma kuna kazi, au Mwanza, sijui wapi. Utaikunja, utapanda nayo. Mimi shambani nitakwenda na nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni yake. Lakini neno nililokuwa nimelitumia ni kumwazima, na yeye alikuwa amelisikia vizuri kuliko mimi. Alinisogezea ungo nimsaidie kuchambua mawe.

Alijifunza kwenye uwanja wa kanisa. Kwenye mpini kuna kitufe cha kidole gumba. Alikibonyeza, baiskeli ikaruka mbele, akakiachia. Akabonyeza tena, pole pole zaidi. Wenzake wa kwaya walisimama kivulini wakimtazama.

"Mama, mbona unakwenda bila kukanyaga?"

"Nimekanyaga tangu sijaolewa. Inatosha."

Juma lile lile tukasikia kwamba shemeji anampeleka mfanyabiashara kupima shamba. Dada aliichaji betri tangu jioni, asubuhi akavaa kitenge kizuri, akafunga jembe kwenye keria kando ya betri. Mimi niliazima baiskeli nyeusi ya jirani nimfuate. Nilidhani ningekuwa nyuma yake kidogo kwa heshima. Mota ile haikuwa na heshima na mtu. Kabla hatujaiacha Ikolo alikuwa ameshanipita mbali, amekaa wima, kitenge kinapepea, na mimi natweta kama mbwa.

Penye kijiwe cha pikipiki nilimkaribia tena, maana njia ilikuwa na mchanga na vile vigurudumu vilizama, akalazimika kushuka na kusukuma. Vijana walifurahi.

"Mama, hiyo inachajiwa kama simu?"

"Inachajiwa," akasema bila kugeuka. "Wewe unachajiwa na nani, mbona hujaondoka hapo tangu jana?"

Walicheka wenyewe kwa wenyewe, yule aliyeuliza akainamisha uso. Dada akapanda, akabonyeza, akaenda. Muda si mrefu cheni yangu ikakatika, nikabaki nasukuma.

Nilipofika shambani walikuwa wamesimama watatu. Mfanyabiashara alikuwa na kofia na pikipiki yake mwenyewe. Shemeji alikuwa na kamba mkononi. Vijiti vya kuonyesha mistari ya miche vilikuwa vimechomekwa mpaka katikati ya shamba. Inaonekana salamu zilikwisha kupita zote, za nyumbani, za watoto, za goti, maana kwetu hata wa kunyang'anyana shamba huanza na "ugonile." Sasa shemeji alikuwa anasema kwa upole wake ule ule.

"Leo umeletwa, shemeji. Ni vizuri. Lakini kesho utaletwa na nani?" Akanyoosha kidole kwangu. "Huyu aliyekuleta tunamjua. Ni wa kupita."

Mfanyabiashara akageuka kunitazama. Nilikuwa nimelowa jasho, suruali imejaa grisi, cheni inaning'inia kwenye mpini.

"Huyu?" akasema. "Huyu hata mwenyewe hajafika."

Akamuuliza dada, "Mama, shamba ni la nani?"

"Ni langu. Kesho naleta watu wa kutifua."

"Kwa hicho?" shemeji akasema, akiitazama baiskeli. "Mvua zikianza kitazama."

Hapo hakukosea. Njia ile ikilowa, hata trekta huifikiria mara mbili.

"Zikianza nitakuwa nimeshapanda," dada akasema.

Mfanyabiashara alikung'uta kofia yake. Akamwambia shemeji kwamba yeye hapandi kokoa mahali ambapo wenye shamba ni wawili, amtafute atakapokuwa mmoja. Akawasha pikipiki akaondoka, wala hakumkaribisha aliyekuja naye. Dada aling'oa vijiti vilivyokuwa karibu, vile ambavyo hakuhitaji kuinama sana, akavifunga kwenye keria. Alisema vitafaa kwa maharage. Halafu akatuaga kwa adabu zote, shemeji kwanza, mimi baadaye, akapanda.

Tukabaki wawili, na baiskeli isiyo na cheni. Jua lilikuwa kali. Tulianza kutembea, yeye upande mmoja wa njia na mimi upande mwingine. Shati lake lilikuwa limeanza kulowa mgongoni, nami nililitazama kwa raha. Mbele kabisa dada alikuwa bado anaonekana, mdogo, amekaa wima, vijiti vimechomoza pande zote mbili.

Karibu na kile kijiwe cha pikipiki alivuka njia, akaja upande wangu.

"Shemeji," akasema, "ile mota uliipata wapi?"

Nilimpa mpini, nikamwambia asukume kwanza.