Fungu la Asiyekuwepo

Kazi yangu ni kuwasemesha watu juu ya pesa kwa maneno ya jikoni. Naandika vitabu vidogo, natembea Masisi na Walikale, nasimama makanisani na sokoni, nasema wazi bila kuzungukazunguka. Wenye diplome hucheka Kifaransa changu. Na wacheke. Wanaonisikiliza wanauza mihogo, na muhogo hauulizi Kifaransa.

Mtu mmoja tu alikuwa hanisikilizi: Papa, baba yangu. Yeye ni mwindaji upande wa Pinga, na kwake kazi ni kitu kinachorudi nyumbani mgongoni. “Ile yako iko kazi ya mudomo,” aliniambia nilipomletea kitabu changu cha kwanza. Akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kisha akakikalia. Iliniuma. Nilikuwa mama wa watoto, lakini bado nilitaka Papa aseme kwamba nafanya kazi.

Waumini wa Pinga waliponialika kufundisha, nilijua Papa atakuja. Pikipiki ilitoka Kitshanga ndani ya ukungu. Sikuona barabara, niliona mgongo wa dereva tu, na kwa muda mrefu nilidhani sisi tumesimama na vilima ndivyo vinavyopita, polepole, vikiwa vimelala. Nikasinzia, nikanusa moshi wa nyama ya utotoni.

Kanisani Papa aliketi nyuma, kofia magotini. Nikaanza na fundisho linalopigiwa makofi kila mahali: “Ukipata, ukate kwanza fungu yako. Wengine watangojea.”

Bibi mmoja wa mbele akafunika mdomo. Hapo njo nikakumbuka niko wapi. Kwetu mwindaji hajikatii kwanza. Anagawia wazee, wajane, majirani, yeye anachukua kinachobaki. Anayejikatia kwanza, mitego yake inalala tupu. Na mimi, mtoto wa mwindaji, nimesimama nawafundisha uchoyo.

Papa akainuka. Nilidhani anatoka.

“Mama,” akaniita, kama alivyoniita nikiwa mdogo, “kipande ya kwanza kwetu tunaweka wapi?”

“Juu ya moshi, Papa.”

“Ya nani?”

“Ya ule haiko.”

Kweli. Kabla ya kugawa, Papa hukata kipande cha mtu wa nyumba aliye safarini, anakiweka kwenye uchanja juu ya moto. Hakiguswi mpaka mwenyewe arudi, hata njaa ikibisha hodi.

“Basi uwaambie hiyo,” akasema, akaketi.

Nikawaambia hiyo. Mtoto atakayeanza shule mwakani, leo hayuko. Shamba utakalonunua, haliko. Mkatie fungu lake kwanza, liweke juu, usiliguse. Bibi wa mbele akaondoa mkono mdomoni, akaitikia. Tangu pale nafundisha hivyo hivyo, hata kijijini Ntoto, hata Masisi, wala sijapata njia iliyo bora.

Baadaye nilimfuata Papa nyumbani. Jikoni mwake moshi ulikuwa umetulia juu, mwanga ukiingia kidogo kidogo kati ya mbao, na nikajiona kama sijawahi kuondoka. Akanyoosha mkono, akashusha kipande cheusi, kikavu kama kuni.

“Hii ya nani, Papa?”

“Yako. Niliikata siku ya kitabu yako, wakati ulienda kazi.”

Nikangoja aongeze “ya mudomo.” Hakuongeza. Akatafuta kisu, akanikatia. Nikatafuna nikilia, wala sikusingizia moshi.